Kuvua kwa Ndoana Wakati wa Kipupwe katika Mto Pangani

1. Mto na nchi yake

Mto Pangani ni mkubwa kupita mito yote ya Mkoa wa Tanga. Maji yake yatoka mbali sana. Mengine hushuka katika mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, mengine katika mlima Meru, na mengine katika milima ya Upare na Usambara. Mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Maji yatokapo katika bwawa hilo hushika njia ya kusini na mashariki, yakapita penye matete na nyika kavu, hata yakafika Korogwe. Upande huo mto hupokea maji ya Mkomazi na ya Luengera. Kisha hufika Hale, ambapo nguvu ya maporomoko yake hutumiwa kufanya umeme, na mwisho huingia katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani.

Upande wa kaskazini wa mto husimama milima ya Usambara, yenye misitu na mvua nyingi. Upande wa kusini ni nchi ya Handeni, ambayo sehemu yake kubwa ni nyika. Huko vijito vingi hujaa wakati wa masika na kukauka wakati wa jua, na watu hutegemea visima na malambo. Kwa hiyo mto usiokauka ni hazina kubwa kwa watu wa pande zote mbili. Katika karne ya 19 vijiji vya Wazigua vilijengwa hata katika visiwa vya mto huu karibu na Korogwe, ili maji yawe boma la kuwazuia adui. Watu waliokaa hivyo, maji kuume na maji kushoto, hawakukosa kujua tabia za samaki.

Katika mto huu kitoweo hupatikana mwaka mzima, lakini si kwa namna moja mwaka mzima. Mtu aliyezoea kupata samaki kumi katika mwezi wa Februari huweza kukaa ukingoni kutwa nzima katika mwezi wa Julai asipate hata mmoja. Hapo wengine husema kwamba samaki wamekwisha, na wengine husema kwamba mto umerogwa. Mambo hayo si kweli. Samaki wamo, ila baridi imewabadili tabia, na mvuvi hana budi kubadili tabia yake pia.

2. Kipupwe na mwili wa samaki

Kipupwe ni majira ya baridi yafuatayo masika, yaani mwezi wa Juni, Julai, na Agosti. Wakati huo upepo wa kusi wavuma, mawingu huifunika milima, na asubuhi watu wa Lushoto na Soni hujifunika mablanketi. Katika bonde la Korogwe baridi si kali kama ya milimani, lakini maji ya mto hupoa, kwa kuwa usiku ni wa baridi na vijito vishukavyo kutoka Usambara huleta maji yaliyopita kivulini mwa misitu.

Mwili wa mtu hukaa katika joto lake lile lile, la digrii 37 hivi, iwapo kuna jua au kuna baridi. Chakula alacho ni kama kuni ziutiazo moto mwili wake. Samaki sivyo alivyo. Mwili wake huwa na joto sawasawa na maji aliyomo. Maji yakipata joto, damu yake hupata joto. Maji yakipoa, damu yake hupoa. Tena damu ikipoa, kazi zote za mwili hupungua: moyo hupiga polepole, tumbo husaga chakula polepole, na mapezi hupiga maji polepole. Kwa kukadiri, maji yakipoa kwa digrii 10, kazi ya mwili wa samaki hupungua hata ikawa nusu tu ya kwanza.

Basi mwanafunzi na afikiri. Ikiwa tumbo la samaki lafanya kazi nusu, chakula alicholala nacho jana hakijaisha leo. Samaki huyo hana njaa. Hatakimbia mbali kukifuata chambo, wala hatameza kipande kikubwa. Lakini kipande kidogo kikipita polepole mbele ya mdomo wake, atakifungulia kinywa. Neno hili moja ndilo msingi wa maarifa yote ya kuvua wakati wa baridi.

Perege hupenda maji yenye joto la digrii 25 hata 30. Maji yakishuka chini ya digrii 20, huwa mvivu. Yakishuka hata digrii 16, karibu huacha kula kabisa. Na baridi ikizidi sana hufa. Maji ya Pangani penye Korogwe hayafikii baridi ya kuwaua samaki, lakini hupoa kiasi cha kuwatia uvivu.

Katika nchi ya Uingereza mambo haya huonekana wazi zaidi. Huko, mwezi wa Januari, maji ya mito huweza kuwa na digrii 4 au 5 tu, na ukingo huwa mweupe kwa sakitu. Hata hivyo wako watu wengi wanaokwenda kuvua kwa ndoana siku hizo. Nao wameyaandika maarifa yao tangu zamani; mwaka 1653 Izaak Walton alitoa kitabu kizima juu ya uvuvi wa ndoana, ambacho chasomwa mpaka leo. Kanuni za wavuvi hao ni chache: chambo kiwe kidogo, mshipi uwe mwembamba, chakula cha kuwavuta samaki kiwe haba, na mvuvi awe mtulivu. Ajabu ni hii, kwamba mzee wa Kizigua akaaye kando ya Pangani angeweza kuzitaja kanuni hizo hizo, ingawa hajaiona sakitu maisha yake yote. Samaki ndio waliowafundisha wote wawili.

3. Samaki wanaopatikana

Samaki ajulikanaye na watu wote ni perege. Mwili wake ni mpana na bapa, na mgongoni ana miiba mikali. Hula majani laini ya majini, na ukungu wa kijani ushikao mawe na matope, lakini hakatai nyungunyungu wala tonge dogo la ugali. Wako perege wa namna mbalimbali. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki, Bibi Rosemary Lowe, aliandika habari za perege wa mto huu na maziwa yake. Mmoja alimpa jina la Pangani, mmoja jina la ziwa Jipe, na mmoja jina la Korogwe. Kwa hiyo jina la Korogwe limo katika vitabu vya wataalamu wa samaki duniani kote.

Wa pili ni kambare. Huyu hana magamba. Mwili wake ni mrefu na utelezi, kichwa chake ni bapa na kigumu, na sharubu zake ni nane. Hukaa chini penye matope, na hutafuta chakula kwa kupapasa na kunusa kuliko kwa macho. Kambare aweza kuvuta hewa ya juu ya maji, na kwa ajili hii huishi hata katika vidimbwi vichafu vya Handeni vinavyokaribia kukauka, ambamo samaki wengine hufa.

Wa tatu ni samaki wenye mwili mrefu, magamba makubwa, na sharubu fupi mdomoni. Wavuvi wengine huwaita kuyu. Hupenda maji yaendayo, penye mawe na changarawe. Ndugu za samaki hawa wako hata katika mito ya Uingereza, na huko pia ndio wapiganao kwa nguvu nyingi wakishikwa na ndoana.

Tena yuko mkunga wa mtoni, afananaye na nyoka. Yeye huzaliwa baharini, kisha hupanda mtoni angali mdogo sana, hukua humo miaka mingi, na mwisho hurudi baharini kuzaa. Huonekana kwa nadra, naye hutoka usiku.

4. Mahali na wakati

Wakati wa joto samaki huzunguka kila mahali: penye maji ya haraka, penye majani, na ukingoni. Wakati wa baridi sivyo. Kupigana na mkondo kwahitaji nguvu, na nguvu zatoka katika chakula. Samaki alaye kidogo hawezi kupoteza nguvu zake bure. Kwa hiyo huondoka katika maji ya haraka na kukusanyika katika maji yaendayo polepole.

Mahali pa kuwatafuta ni hapa. Kwanza, katika vilindi vilivyo upande wa nje wa pindi za mto, maana hapo maji yamechimba. Pili, nyuma ya mwamba mkubwa au gogo lililoanguka, ambapo maji huzunguka na kutulia. Tatu, na hapo ndipo pazuri kupita pote, penye mstari ambapo maji ya haraka yapita kando ya maji matulivu. Samaki hukaa upande wa maji matulivu, na mkondo humletea chakula mpaka mlangoni, kama mtu akaaye barazani na wachuuzi wakampitia. Mstari huo huonekana kwa macho: povu na majani makavu hupita upesi upande mmoja, na upande wa pili hukaa yakizungukazunguka.

Samaki wakikusanyika hivyo, sehemu kubwa ya mto huwa tupu. Mvuvi akiketi penye sehemu tupu, hata akiwa na subira kama ya Ayubu, hatapata kitu. Kwa hiyo desturi ya wavuvi hodari ni kuhama. Wakikaa mahali kwa muda wa nusu saa bila kuguswa, huenda mahali pengine, na tena pengine, mpaka wawapate samaki walipo. Wakiwapata, hukaa. Ndiyo maana wahenga walisema, mvuvi ajua pweza alipo.

Habari ya wakati nayo yafuata joto. Hewa hupata joto upesi, lakini maji hukawia. Alfajiri na mapema asubuhi maji huwa ya baridi kupita saa nyingine zote. Jua likipanda, maji huanza kupata joto kidogo kidogo, na kilele chake ni alasiri. Basi wakati wa kipupwe hakuna faida kubwa ya kuamka usiku. Saa zilizo njema ni tangu saa saba mchana hata saa kumi na moja. Siku ya jua baada ya siku nyingi za mawingu ni siku ya heri kwa mvuvi.

5. Vyombo vya uvuvi

Vyombo ni vichache, wala havihitaji fedha nyingi. Wa kwanza ni mwanzi mwembamba, mkavu, ulionyoka, wenye urefu wa mita tatu au nne. Wa pili ni mshipi. Uwe mwembamba kadiri uwezavyo kuvumilia, kwa kuwa kufika Agosti maji ya mto hupungua na kuwa safi, na samaki huuona mshipi mnene. Ya tatu ni ndoana, nayo iwe ndogo. Mdomo wa perege ni mdogo, na samaki wa wakati wa baridi haufungui sana.

Juu ya ndoana, kiasi cha shubiri moja, hufungwa chubwi dogo la risasi ili kuupeleka mshipi chini. Na juu zaidi hufungwa chelezo. Chelezo chaweza kufanywa kwa kipande cha bua la mtama, au kwa unyoya mkubwa wa kuku. Kilicho bora kuliko vyote ni mwiba wa nungu. Mwiba huo ni mwepesi, hauingii maji, na kwa wembamba wake huonyesha hata mguso mdogo wa samaki. Wavuvi wa Uingereza nao walikuwa na desturi ya kununua miiba ya nungu iliyoletwa kutoka nchi za mbali, ili wafanye vyelezo. Katika pori la Handeni mtoto huiokota njiani bila kulipa kitu.

Chambo cha wakati wa baridi ni nyungunyungu kuliko vyote. Huchimbwa penye udongo wenye unyevu, chini ya migomba au penye jaa, na huwekwa katika kopo lenye udongo na majani mabichi. Hutiwa mmoja mdogo katika ndoana, au nusu yake. Ugali mgumu uliokandwa vema nao wafaa kwa perege. Tonge liwe kama punje ya hindi. Panzi na kumbikumbi ni chambo kizuri wakati wa joto, lakini wakati wa kipupwe samaki hapandi juu kuwafuata.

6. Kazi yenyewe

Kwanza mvuvi hupima kina. Hufunga kijiwe kidogo katika ndoana na kuushusha mshipi majini. Chelezo kikizama kabisa, maana yake urefu wa mshipi kati ya chelezo na ndoana haukufika chini, nao haufai, huongezwa. Chelezo kikilala juu ya maji kwa ulegevu, urefu umezidi, hupunguzwa. Kikisimama wima na ncha yake ikaonekana kidogo, urefu umetosha. Kijiwe hufunguliwa, chambo hutiwa, na mvuvi ajua ya kuwa ndoana yake yapita karibu na sakafu ya mto, mahali samaki wa baridi walipo. Watu wengi hukosa samaki kwa kuwa hawapimi. Chambo chao hupita kimo cha mtu mzima juu ya vichwa vya samaki.

Pili, hutupa chakula cha kuwavuta samaki: pumba zilizochanganywa na ugali, vipande vidogo vidogo. Hapa makosa ni mengi. Mtu aliyezoea wakati wa joto hutupa konzi kwa konzi. Samaki wa kipupwe, ambaye tumbo lake lajaa kwa kitu kidogo, hula chakula hicho cha bure na kushiba, kisha hakiangalii chambo. Kanuni ni hii: kidogo, na mara kwa mara. Kinachotupwa kila mara kisizidi kile kishikwacho kwa ncha za vidole vitatu.

Tatu, huuacha mshipi uende pamoja na mkondo. Kuna jambo la kuangalia hapa. Maji ya juu huenda upesi, na maji ya karibu na sakafu huenda polepole, kwa sababu yasuguana na mawe na mchanga. Chelezo kikienda upesi na maji ya juu, hukiburuta chambo upesi kuliko maji ya chini yalivyo. Samaki huona kwamba chakula hicho hakiendi kama chakula kingine, naye hukiogopa. Kwa hiyo mvuvi hukizuia chelezo kidogo kwa ncha ya mwanzi, ili kiende kwa mwendo wa maji ya chini. Akikizuia kabisa, chambo huinuka juu kidogo mbele ya samaki, na mara nyingi ndipo huumwa.

Ikiwa samaki hawashiki chambo kiendacho, yafaa kukilaza chini. Chelezo huondolewa, chubwi zito zaidi hufungwa, na mshipi hutupwa kilindini ukatulia. Mvuvi hushika mshipi kwa kidole na kungoja. Kambare hupatikana hasa kwa njia hii, kwa kuwa hukifuata chambo kwa kunusa, polepole.

Mguso wa samaki wakati wa baridi ni hafifu sana. Chelezo hakizami ghafula kama wakati wa joto. Hutetemeka tu, au husimama kidogo kikiwa chaenda, au huinuka kidogo. Hapo mvuvi huinua mwanzi kwa kifundo cha mkono, kwa upole na upesi. Akiuvuta kwa nguvu zote za mabega, ndoana hupasua mdomo wa samaki, naye huponyoka.

Mfano utaonyesha habari hii. Wavulana wawili walikwenda mtoni siku moja ya Julai. Wa kwanza alikuwa na ndoana kubwa na mshipi mnene. Alifika alfajiri, akatupa ugali mwingi, akaketi mahali alipoketi mwezi wa Februari. Alikaa mpaka adhuhuri, akarudi nyumbani mikono mitupu, akisema, "Mto hauna kitu, mama." Wa pili alifanya kwanza kazi za nyumbani. Alikwenda baada ya saa sita na nyungunyungu kumi tu katika kopo. Alijaribu penye pindi asipate kitu. Akahamia nyuma ya mwamba, akapata perege mmoja. Akahamia penye mstari wa povu, akapata wanne. Kabla ya jua kushuka alikuwa njiani. Watu sita wa nyumba yake walikula ugali na samaki usiku ule. Mto ulikuwa ule ule, na baridi ile ile.

7. Hatari za ukingoni

Samaki watano si kitu mbele ya uhai wa mtu mmoja. Katika mto Pangani wamo mamba, na watu wamepoteza maisha yao kwa kusahau neno hilo. Damu ya mamba nayo hufuata joto la nje kama ya samaki, na wakati wa kipupwe hupenda kulala juani juu ya mchanga. Kwa ajili hii wengine hudhani kwamba mamba wa baridi ni mvivu na hana hatari. Mawazo hayo ni mabaya. Mamba mwenye njaa haba bado ana meno yote, naye hushika kwa ghafula mtu amjiaye karibu.

Basi mvuvi na ashike sheria hizi. Asisimame ndani ya maji hata mara moja. Asiketi penye ukingo ulio sawa na maji, ila achague mahali palipoinuka, na akae nyuma hatua kadhaa. Ndiyo maana mwanzi wake ni mrefu. Asirudie mahali pamoja kila siku kwa saa ile ile, maana mamba hujifunza desturi za watu. Asisafishe samaki majini, kwa kuwa damu na matumbo huwaita mamba. Ndoana ikinasa chini, akate mshipi, asiingie kuifungua. Asiende peke yake, na saa kumi na mbili isimkute mtoni.

Kuna adui mwingine, mdogo asiyeonekana, naye ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wakaao penye maji matulivu na majani, na huingia katika ngozi ya mtu asimamaye majini. Anayekaa pakavu hujiokoa na mamba na kichocho pamoja.

Mwisho, samaki wenyewe wana silaha. Perege hushikwa kwa kumlaza miiba ya mgongo tangu kichwani kuelekea mkiani. Kambare ana mwiba mgumu katika kila pezi la ubavuni. Ashikwe nyuma ya mapezi hayo, asije akamchoma mtu.

8. Kuvua kwa kiasi

Wakati wa baridi samaki wamekusanyika mahali pachache, nao hawana mbio. Mtu mwenye tamaa akiona hivyo hushawishika kuwamaliza. Wako watu wapondao majani ya utupa na kuyatia katika kidimbwi. Sumu yake huwazuia samaki wasiweze kuitumia hewa iliyo majini, nao huelea wakifa, wakubwa kwa wadogo. Mtu huokota kapu moja, na mamia ya wadogo wasiofaa kuliwa huoza pale pale. Mwaka wa pili hurudi na kapu lake, asikute kitu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti, na sababu yake ni hii.

Perege anastahili kuangaliwa zaidi. Jike la perege wa mto huu hayaachi mayai yake ovyo majini. Huyachukua kinywani mwake mpaka yaanguliwe, na hata watoto wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Mayai yake si mengi kama ya samaki wengine, kwa kuwa kinywa hakina nafasi ya maelfu na maelfu. Kwa hiyo kila jike ni la thamani. Maji yakipata joto tena baada ya kipupwe, perege huzaa kwa wingi. Na wazazi wa samaki wa mwakani ni hawa hawa walalao vilindini mwezi wa Julai.

Waingereza walijifunza jambo hili zamani. Tangu mwaka 1878 walikuwa na sheria ya kuwapumzisha samaki wa mitoni wakati wa kuzaa. Mpaka leo, katika mito ya Uingereza, ni marufuku kuvua samaki hao kwa ndoana tangu tarehe 15 Machi hata tarehe 15 Juni. Tena wavuvi wao wengi huwarudisha samaki majini wangali hai, kwa kuwa huvua kwa kujifurahisha. Mtu wa Korogwe avua ili ale, wala si kosa. Lakini yeye pia aweza kumrudisha mdogo, na kumrudisha jike mwenye mayai kinywani. Ndoana ina sifa hii kupita sumu na kupita wavu wa macho madogo, ya kwamba humpa mvuvi nafasi ya kuchagua.

Samaki anayechukuliwa auawe mara moja kwa pigo la kichwani, asiachwe kutapatapa juani. Afunikwe kwa majani mabichi, apelekwe nyumbani, atumbuliwe na kuoshwa kwa maji safi. Wakizidi mahitaji ya siku moja, hupakwa chumvi au hukaushwa kwa moshi. Kambare aliyekaushwa vema hukaa siku nyingi, na katika vijiji vya Handeni vilivyo mbali na mto hupokewa kwa furaha.

Kati ya mitume wa Bwana wetu wanne walikuwa wavuvi, nao walijua maana ya kukesha usiku kucha bila kupata kitu. Mvuvi wa kweli hakasiriki na mto. Hutazama maji, hufikiri, hubadili mahali, hungoja, na akipata huchukua kiasi kimtoshacho. Afanyaye hivyo atamwachia mtoto wake mto wenye samaki, na mtoto naye atamwachia mjukuu.

Maswali

1. Mto Pangani hupata maji yake katika milima gani?
2. Mwili wa samaki na mwili wa mtu hutofautianaje wakati wa baridi?
3. Kwa nini alasiri ni bora kuliko alfajiri kwa mvuvi wa kipupwe?
4. Eleza jinsi mvuvi apimavyo kina cha maji kwa chelezo chake.
5. Mvulana wa kwanza katika mfano alifanya makosa gani? Yahesabu.
6. Kwa nini ni hatari kudhani kwamba mamba wa wakati wa baridi ni mvivu?
7. Mtu mmoja asema, "Utupa ni njia rahisi, na samaki ni wa Mungu." Mjibu kwa maneno yako mwenyewe.